Kununua dizeli kuukuu Nakuru au Kisumu, na kuiweka barabarani

Anayetafuta pikapu ya dizeli Nakuru au Kisumu huanza na rangi, viti na tairi. Hivyo vyote vina bei inayojulikana, na fundi wa kuvitengeneza yuko kila mtaa. Kisichojulikana ni kilicho ndani ya injini. Dizeli kuukuu haiuawi na umri. Huuawa na joto, vumbi na mafuta machafu, na kila kimoja huacha alama ambayo mnunuzi mwenye subira ataiona kabla hajatoa pesa. Alama nyingi huonekana injini ikiwa baridi tu, na zilizobaki hujitokeza mlimani.

Injini kwanza, bodi baadaye

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo dizeli ya miaka 20 utakayoipata imeshafanya kazi hapa hapa kwa muda mrefu. Imebeba viazi, maziwa, mawe au watu, na mara nyingi imebeba kupita kiasi. Ndiyo maana aina ya injini ina uzito kuliko mwaka wa gari.

Toyota 2L, 3L na 5L, zile za Hilux na Hiace, ndizo rahisi kuishi nazo. Nyingi hazina kompyuta, pampu ya dizeli ni ya kimekanika, na spea hupatikana hata kwenye miji midogo. Ni nzito mlimani, na hilo halina dawa. Mkanda wa taimingi, unaofanya vali zifunguke kwa wakati wake, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hupiga vali na hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda, lazima ifunguliwe. Isuzu 4JA1 ya lita 2.5 na 4JB1 ya lita 2.8 hunyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, hivyo huwaka vyema asubuhi na hunywa kidogo, ingawa zina kelele. Nyingi hutumia gia badala ya mkanda, lakini ziko zenye mkanda, basi itazame injini yenyewe usiamini maneno. Nissan TD27 ni ya gia na ni ngumu kufa. 1HZ ya Land Cruiser, silinda 6 na lita 4.2, ni punda wa kazi kwelikweli, ila usiinunue kama unahesabu kila lita.

Ziko tatu zinazotaka mnunuzi aliyejipanga. Mitsubishi 4D56 ina mikanda miwili, wa taimingi na ule mdogo wa shafti za kusawazisha mtetemo. Mdogo ukikatika huweza kunasa kwenye mkubwa, na hapo injini imeumia. Badilisha yote miwili pamoja. Toyota 1KZ-TE, lita 3 yenye turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) iliyomo kwenye Prado na Surf nyingi, ina nguvu nzuri, lakini hedi yake hupasuka ikichemka hata mara moja. Ya tatu ni 1KD-FTV, ambayo nozeli zake, yaani vinyunyizio vya dizeli, hufanya kazi kwa shinikizo linalozidi 1,300 bar na huongozwa na kompyuta. Ikiwa nzima ni tamu kuiendesha. Nozeli 4 zikichoka, bei yake inaweza kuwa sehemu kubwa ya bei ya gari lenyewe.

Kwa mtu wa Njoro au Vihiga anayetaka gari la kubeba mzigo na kumrudisha nyumbani kila jioni, ushauri wetu ni 3L, 5L au 4JA1.

Fika injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa injini pale bomba la moshi linapoanzia. Kama pana joto, muuzaji alikuwa na sababu ya kuiwasha. Rudi kesho alfajiri.

Fungua kifuniko cha rejeta kabla ya kuwasha. Maji yawe yamejaa na yawe na rangi ya kulanti, dawa ya kupoza injini. Rangi ya kahawia ni kutu, na utando wa mafuta juu ya maji ni dalili ya gasketi ya hedi au kipoza oili kilichotoboka. Chomoa dipistiki, kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si kosa kwenye dizeli, kwa sababu masizi huigeuza rangi ndani ya siku chache. Oili ya rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Oili iliyo nyepesi, inayonuka dizeli na iliyopanda juu ya alama ya mwisho ina mafuta ndani yake: kwenye injini ambazo pampu huendeshwa na gia, sili ya mbele ya pampu ikichoka huvujisha dizeli kwenye oili, na oili hiyo hailindi tena beringi za krankishafti.

Geuza ufunguo bila kupiga staata. Taa ya hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, iwake. Kwenye Toyota nyingi za dizeli, taa ya T-BELT pia huwaka hapo na kuzimika injini ikishaunguruma. Ikibaki imewaka, kilomita 100,000 za mkanda zimefika. Isipowaka kabisa, kuna uwezekano mtu aliiondoa balbu asibadilishe mkanda.

Sasa piga staata huku mwenzako akiutazama moshi. Moshi mweupe kidogo kwa sekunde chache, hasa asubuhi ya baridi ya Molo au Timboroa, ni kawaida. Ukiendelea huku injini ikitikisika na moshi ukichoma macho, dizeli inatoka bila kuungua: hita plagi imekufa, nozeli inadondosha, au silinda moja haina kompresheni (haibani hewa ipasavyo). Moshi mweupe wenye harufu tamu ni kulanti inayoungua. Wa buluu ni oili, kupitia ringi za pistoni, sili za vali au turbo. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na huo mara nyingi hurekebishika kwa filta ya hewa na nozeli.

Injini ikiwa bado baridi na kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, iongezewe mwendo polepole. Viputo vinavyopanda bila kukoma ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji, yaani gasketi imeungua au hedi ina ufa. Funga kifuniko, kisha baada ya dakika 2 ubinye hozi ya juu. Ikiwa imekuwa ngumu kama jiwe ilhali maji bado hayajapata joto, jibu ni lile lile. Hapo mshukuru muuzaji uondoke, hata akipunguza bei.

Injini ikipata joto, legeza kifuniko cha oili, kigeuze juu chini, ukilaze juu ya tundu. Kikicheza kidogo si neno. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo kama wa jiko la kuni, injini inapumua: ringi na silinda zimelika. Anayetaka uhakika alipe fundi mwenye geji ya kompresheni ya dizeli, inayofungwa kwenye tundu la hita plagi. Geji ya petroli haitafaa kwa sababu haifiki kipimo hicho. 3L nzuri hutoa takriban 430 psi (kipimo cha shinikizo) au zaidi. Ikishuka chini ya 285, au silinda moja ikipishana na nyingine kwa zaidi ya 70, injini ni ya kufunguliwa.

Lipandishe mlima

Kuzunguka mtaani hakuonyeshi lolote. Kama uko Kisumu, toka Mamboleo upande hadi Kiboswa, uendelee kuelekea Chavakali. Kama uko Nakuru, nenda Salgaa upande hadi Mau Summit. Jaza watu au mzigo, utazame geji ya joto. Sindano ikae mahali pamoja. Ikipanda mlimani na kushuka kwenye tambarare, rejeta imeziba, feni haivuti, au hedi imeanza kuvujisha gesi.

Urefu wa nchi yetu unastahili kueleweka hapa. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850, na Timboroa hupita 2,700. Hewa ikipungua, injini isiyo na turbo hupata dizeli ile ile kwa hewa kidogo, hivyo moshi mweusi kiasi na kukosa nguvu huko juu si ugonjwa. Tena maji ya wazi huchemka kwa takriban digrii 94 Nakuru na 91 Timboroa. Kinachoyazuia yasichemke ni shinikizo la kifuniko cha rejeta. Kifuniko chenye mpira uliokatika, ambacho Kisumu hakikuleta shida yoyote, kinaweza kukuulia hedi ukielekea Eldoret. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote zinazotajwa hapa.

Ukirudi, zima injini, ngoja dakika 15, uwashe tena. Dizeli inayowaka vizuri ikiwa baridi na kusumbua ikiwa moto ina pampu iliyolika: mafuta yakipata joto huwa mepesi na kupenya pembeni ya pistoni ya pampu badala ya kujenga shinikizo. Kuthibitisha, funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika chache. Ikiwaka mara moja, weka gharama ya pampu kwenye mazungumzo ya bei.

Usisahau breki. Dizeli haina uvutaji wa hewa kama petroli, basi buta la breki, linaloipunguzia pedali uzito, hutegemea pampu ya vakyumu, ambayo kwenye 3L na Isuzu nyingi imefungwa nyuma ya oltaneta na hulainishwa na oili ya injini. Pedali ngumu, au oili inayochuruzika kwenye oltaneta, inatoka hapo.

Chasisi na karatasi

Ingia chini ya gari na tochi. Kwenye pikapu, tazama chasisi nyuma tu ya kabini na pale springi za nyuma zinaposhikwa, kwa maana mzigo mkubwa hupasua hapo. Ukiona welding mpya, rangi nyeusi iliyopakwa sehemu moja tu, au majani ya springi yaliyoongezwa, jua maisha ya gari hilo yalikuwaje.

Soma namba ya chasisi na ya injini kwenye gari lenyewe, uzilinganishe na logibuku, hati ya umiliki wa gari. Injini hubadilishwa mara kwa mara kwenye magari haya, na si kosa ikiwa NTSA, mamlaka ya usafiri, imearifiwa na rekodi imesahihishwa. Isiposahihishwa, tatizo utalirithi wewe. Tafuta rekodi ya gari kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, siku ile ile ya kulipa. Jina la benki au SACCO likiwa pamoja na la mwenye gari, deni halijaisha. Mikopo mingine haionekani kwenye logibuku, basi tafuta pia kwenye sajili ya dhamana za mali inayohamishika, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2017. Uhamisho huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake mwenyewe, nawe unauthibitisha kwenye yako. Broka anayekuuzia gari lililo bado kwa jina la mtu usiyemwona ni wa kuepukwa. Pikapu huhesabiwa gari la biashara, kwa hiyo uliza tarehe ya ukaguzi wa mwisho.

Mwezi wa kwanza

Weka kando angalau sehemu moja ya tano ya bei ya gari kwa kazi ya mwanzo. Anayemaliza pesa zote kwa muuzaji huishia kuliegesha gari.

Anza na mkanda wa taimingi, pamoja na beringi yake ya kukazia, hata muuzaji akiapa kwamba ni mpya. Badilisha oili ya injini, 15W-40 yenye alama ya ubora ya CF-4, CH-4 au CI-4, na filta yake. Baada ya hapo kila kilomita 5,000. Badilisha filta ya dizeli, na filta ya hewa. Hii ya hewa idharau ujute: dizeli hunyonya hewa yake yote wakati wote, hata ikiunguruma gari likiwa limesimama, na vumbi la barabara za murram likipenya pembeni ya mpira wa filta husaga ringi kama msasa. Ukiipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo.

Hita plagi hupimwa moja moja. Toa waya unaoziunganisha, pima kwa mita kati ya ncha na mwili wa injini: nzima huonyesha karibu om 1 au chini yake, iliyokufa haionyeshi kitu. Unaponunua, soma volti zilizoandikwa. Toyota ilitumia za volti 6 kwenye baadhi ya mifumo na za 11 au 12 kwenye mingine; ya volti 6 ikipewa 12 mfululizo huungua, na ncha yake ikivunjika huanguka ndani ya silinda.

Peleka nozeli kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, akakuonyeshe zinavyonyunyiza. Ya 3L hufunguka takriban kati ya 105 na 125 kg/cm², ya 4JA1 karibu 185. Ukungu mwembamba ndio unaotakiwa, bila tone mdomoni. Zikirudishwa, washa za shaba ziwe mpya, kwa sababu za zamani huvujisha gesi.

Kuna kazi moja ya kukataa. Ukilalamika kwamba gari halina nguvu, fundi fulani atakimbilia skrubu ya mafuta iliyo nyuma ya pampu na kuizungusha. Gari litachangamka siku hiyo. Litatoa pia moshi mweusi, joto la silinda litapanda, na kwenye mlima mrefu wenye mzigo pistoni inaweza kuyeyuka. Nguvu iliyopotea itafute kwenye filta, nozeli, kompresheni na taimingi ya pampu.

Mafuta, maji na hewa

Pampu ya zamani hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni makavu, na yakichanganywa kwenye dizeli husaga pampu kimyakimya. Tangu 2018 serikali hutoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa lita ili mchanganyiko huo usilipe, lakini dizeli ya jerikeni kando ya barabara haina mwenye kuidhamini. Jaza kwenye kituo kinachouza sana, na usijaze wakati lori linashusha mafuta, kwa kuwa uchafu wa tangi la chini huwa umetibuliwa. Jioni weka tangi likiwa limepita nusu. Nafasi tupu hukusanya unyevu usiku.

Maji hukaa chini ya filta. Kila wiki 2, na mapema zaidi taa ya filta ikiwaka, legeza skrubu ya chini, bonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo kwenye filta hadi dizeli safi itoke, ufunge.

Ukibadilisha filta au mafuta yakiisha, hewa huingia na injini haiwaki. Kwa pampu ya kimekanika, fanya hivi:

1. Jaza filta mpya kwa dizeli safi kabla ya kuifunga, kama ni ya kuzungushwa.
2. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta, pampu kwa mkono hadi mapovu yaishe, ukaze.
3. Endelea kupampu mpaka mkono uhisi ugumu.
4. Isipowaka, legeza nati za mabomba ya nozeli nusu mzunguko, kwa kawaida spana 17, upige staata sekunde 10 kwa wakati mmoja, ukipumzisha staata katikati.
5. Dizeli ikichomoza kila bomba, kaza. Injini itashika kwa kigugumizi kisha itulie.

Usiweke kidole mbele ya bomba: dizeli ya shinikizo hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kupelekwa hospitali hata kama halina maumivu. Hatua ya 4 isifanywe kamwe kwenye 1KD au injini nyingine yenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta.

Hewa ikirudi baada ya siku chache, kuna hozi ya mafuta iliyopasuka au klipu iliyolegea kati ya tangi na pampu. Haitadondosha kitu, kwa sababu upande huo pampu inavuta, basi utaitafuta bure kwa macho. Weka kipande cha hozi inayoonyesha ndani kabla ya pampu, utaona mapovu yakipita.

Ipoze, ikuweke

Mafundi wengi hutoa themostati, vali inayofunguka maji yakipata joto, wakidhani injini itapoa zaidi. Kwenye 2L na 3L themostati pia hufunga njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye tambarare ya Ahero injini hukaa baridi mno, na mlimani inachemka. Irudishe. Ipime kwanza ndani ya sufuria ya maji moto: ya digrii 82 ianze kufunguka hapo.

Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya mvua au yaliyosafishwa. Maji ya kisima ya Bonde la Ufa yana madini, na madini hayo huganda kwenye mirija ya rejeta. Klachi ya feni nayo ina oili ya silikoni ndani. Injini ikiwa moto na imezimwa, feni ikizunguka kwa kusukumwa kidole kimoja, imechoka.

Yenye turbo, iache iungurume dakika 1 au 2 baada ya mlima kabla ya kuizima, oili isiungue kwenye beringi ya turbo. Ukiteremka kutoka Mau Summit kwenda Salgaa, shuka kwa gia ya chini tangu juu. Dizeli ya zamani haizuii mwendo kama petroli, na breki zilizopata joto hazirudi kwa kuombewa.

Ndani ya gari weka filta moja ya dizeli, spana 10, 12, 14 na 17, mita 1 ya hozi ya mafuta na klipu 4, lita 5 za maji, lita 1 ya oili, na kifuniko cha pili cha rejeta. Sindano ikivuka alama yake ya kawaida, simama hapo hapo ulipo, acha kifuniko kimefungwa, ngoja nusu saa kabla ya kukigusa.